Kamera Yako Ilinde Geti Lako, Barabara Iachie Wapitao

Na Mrisho Kapalata

Malalamiko ninayoyasikia Ng'ambo, hapa Tabora, siku hizi yanafanana. Kamera ya betri imefungwa ukutani, boksi lake linaahidi miezi kadhaa bila kuchaji, lakini haipiti wiki mwenye nyumba anaegemeza ngazi kuishusha. Fundi anasema betri imekufa. Inanunuliwa nyingine, nayo inaisha vile vile.

Mimi nasema, kabla ya kuilaumu betri, tuangalie kwanza kamera inatazama wapi.

Kamera za namna hii hazikai macho saa zote. Hulala, zikiacha kihisi kidogo kinachongoja joto lipite mbele yake. Mtu akipita, kihisi huiamsha kamera, inarekodi, inatuma video kwa waifai au laini ya simu, kisha inarudi kulala. Kinachomaliza chaji ni kule kuamka na kutuma, na usiku zinaongezeka taa zake zisizoonekana kwa macho. Ile miezi ya kwenye boksi imehesabiwa kwa kamera inayoamshwa mara chache kwa siku. Huku kwetu nyumba zimepakana na njia: bodaboda, wanafunzi, mama anayepita na beseni la maandazi, mbuzi. Kamera inayotazama huko itapata usingizi saa ngapi?

Kwa mzee mmoja jirani yangu ilikuwa imefungwa chini ya bati, inatazama njia panda na nusu ya uwanja wa nyumba ya pili. Fundi kijana alishamwambia, "Mzee, hii betri haina maisha." Tuliishusha ikae juu kidogo ya kichwa cha mtu mrefu, tukaigeuza itazame geti na mlango tu, tukapunguza ukali wa kihisi kwenye programu. Jioni ile ile arifa kwenye simu ya mzee zilitulia. Kulikuwa na jambo jingine: mwanawe aliye Mwanza alikuwa akifungua picha ya moja kwa moja kila akimkumbuka baba yake, na muda wote anaotazama, kamera iko macho. Tukamwomba awe anampigia simu. Mzee alilifurahia hilo kuliko kamera yenyewe.

Na yule jirani wa nyumba ya pili? Uwanja wake ulikuwa unarekodiwa akifua, akiogesha watoto, akipokea wageni. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, lakini hata isingekuwepo, ujirani wetu haukubali jicho juu ya ukuta wa mwenzio. Ukiigeuza kamera itazame kwako, umetunza chaji na umemtunza jirani.

Wenye paneli ya sola nao waitazame miembe. Miembe ya Tabora, tuliyorithi tangu enzi za misafara, haipukutishi majani kiangazi, hivyo kivuli chake ni cha mwaka mzima. Tangu Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana liko kaskazini mwetu. Paneli ielekee huko, iinamishwe kidogo, na vumbi la Agosti lifutwe kwa kitambaa chenye maji. Kamera yenyewe isikae chini ya bati linalopigwa na jua la alasiri, maana betri nyingi za lithiamu hazifai kuchajiwa joto lake likizidi nyuzi 45. Waifai ikiwa dhaifu, sogeza ruta dirishani, kwa sababu kamera inayorudia kutuma video ile ile inakula chaji mara mbili.

Kuna betri kweli zilizochoka, sikatai. Ila zile za duara, upana milimita 18 na urefu 65, zinauzwa sokoni zimeandikwa mAh 9,900. Ni uongo mtupu: zilizo bora kabisa zinafika kama 3,500. Ishike mkononi, nzima ina uzito wa karibu gramu 45 hadi 50, na ikiwa nyepesi kama boksi la kiberiti, irudishe. Mzee wa watu ametoa pesa yake ya asali kununua usalama, halafu anauziwa namba iliyochapwa kwenye karatasi. Wauzaji wetu wanazijua betri hizi. Waziondoe mezani, na mteja akija kutaka kamera, wamuulize kwanza geti lake linatazama wapi.