Taa ya Nyuma ya Gari Moshi la Bati

Reli ya kati itokayo Dar es Salaam hukomea Kigoma tangu mwaka 1914. Mizigo ya Burundi hupakiwa melini huko, na mtoto wa Kabezi huiona ikipita ziwani kuelekea Bujumbura. Gari moshi lenyewe hana budi kuundiwa na mzazi wake kwa makopo.

Nambari iwe ya kweli, mathalani 5918, kichwa cha mvuke kilichopewa jina la mlima Gelai, nacho kimehifadhiwa katika makumbusho ya reli mjini Nairobi. Tarakimu ziandikwe kwa njiti ya kiberiti juu ya kibati cha pembeni, kisha kibandikwe. Mkono ukikosea, kichwa kizima hakiharibiki.

Wengi hufunga balbu ya tochi mbele wakaridhika. Hilo ni kosa. Taa nyekundu ya behewa la mwisho, ijapokuwa ya karatasi ya peremende, ndiyo itazamwayo na stesheni masta: asipoiona, huenda mabehewa mengine yamekatika na kubaki njiani gizani, naye hathubutu kuruhusu gari la pili. Kwa hiyo balbu ya nyuma ipewe betri yake yenyewe, ili behewa likikatika, liondoke na taa yake.