Klachi Iliyolika

Kutoka Kyela kuja Tukuyu ni kupanda takriban mita 1,000, na juu ya pikipiki kuna mama, mtoto na mkungu wa ndizi. Injini ikinguruma na mwendo usiongezeke, klachi inateleza. Mlimani chombo chaweza kurudi nyuma pamoja nao.

Usikimbilie kununua sahani. Tazama kwanza waya wa klachi, huenda umekazwa mno; kisha oili, kwani baadhi ya oili za magari huziteleza sahani.

Ikiwa zimelika kweli, funga petroli, laza pikipiki ubavu wa kushoto, ufungue kifuniko cha kulia (ndiko iliko klachi kwa pikipiki nyingi). Legeza springi kidogo kidogo, kwa kukingamanisha. Panga sahani kwa mfuatano wake juu ya gazeti, hata hili likishasomwa. Za chuma zilizogeuka buluu kwa joto nazo zibadilishwe. Ubahili hapa hurudisha kazi ile ile. Sahani mpya za msuguano ziloweke katika oili usiku kucha, na gasketi iwe mpya.

Jaribio la kwanza lifanywe uwanjani, bila abiria.