Jina la tovuti lisigeuzwe hongo

Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji katika karne ya 19 ililipa hongo njiani. Huko Ugogo, ambako maji yalikuwa haba, watemi walidai nguo, shanga na nyaya kabla ya msafara kuruhusiwa kuteka maji na kupita. Kiwango hakikuwa kimoja. Wenyeji walitazama mizigo, wakakisia uwezo wa mwenye msafara, ndipo wakataja bei. (Enzi hizo hongo ilikuwa ushuru wa njia, si hii ya maofisini.)

Wafugaji nyuki wa Tabora wanaotaka kuuza asali kwa jina lao wenyewe wanaweza kukutana na hongo ya namna hiyo kwenye intaneti. Jina la tovuti, ambalo wataalamu huliita kikoa, lina bei mbili. Ya kwanza ni ada ya usajili, inayolipwa kila mwaka kwa wakala. Kwa majina ya biashara yanayoishia na .co.tz, yaliyo chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), ada ya kawaida haifikii bei ya ndoo ya asali ya lita 20. Ya pili ni bei ya ulanguzi. Anayewahi ndiye anayepewa jina, naye anaweza kulikalia hadi ajitokeze mwenye shida nalo. Huyo pia hutazama mizigo kwanza: ushirika ukishachapisha lebo na kupata mnunuzi Dar es Salaam au Ujerumani, bei hupanda.

Wapo wanaodhani dawa ni kuwa walanguzi wenyewe. Hutoa mfano wa business.com, iliyonunuliwa kwa dola 150,000 mwaka 1997 na kuuzwa kwa dola milioni 7.5 mwaka 1999. Hayo ni ya Marekani, tena ni ya majina machache. Mengi yanayohodhiwa hayapati mnunuzi, huku ada ikidaiwa kila mwaka. Fedha hiyo ingetengeneza mizinga.

Kushtaki nako si rahisi. Kwa majina ya .com, ada ya shauri mbele ya msuluhishi mmoja wa WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa lililoko Geneva, huanzia dola 1,500, na mlalamikaji lazima awe na haki ya alama ya biashara. "Asali" na "Tabora" ni maneno ya kila mtu. Ndiyo maana ni busara chama kichague jina lake cha pekee, kisajili alama yake BRELA na kulipia kikoa kabla lebo ya kwanza haijachapishwa.

Mfugaji mwenye mizinga kumi hana haja ya haya yote. Namba ya simu inamtosha. Lakini ushirika unaojaza chupa hauwezi kukwepa, na hapo katibu ana kazi moja asiyopaswa kumwachia fundi. Ahakikishe kumbukumbu za usajili zinataja chama kuwa mwenye jina, na taarifa za malipo zinafika kwenye barua pepe ya chama, si ya kijana aliyetengeneza tovuti. Kijana huyo akihamia Mwanza, jina huhama naye.