Usingizi ni Sehemu ya Masomo

Katika shule zetu nyingi za bweni pana desturi inayosifiwa kuliko inavyostahili, nayo ni kukesha. Mtihani wa taifa unapokaribia, mwanafunzi husoma hadi saa 6 usiku, huamka saa 10 alfajiri, na usingizi ukimzidi hutumbukiza miguu katika beseni la maji baridi. Wenziwe humstaajabia, na walimu humtaja kuwa mfano wa bidii. Kwa maoni yangu, kijana huyu anajidhulumu, nasi tunamshangilia.

Jambo hili lilianza kuchunguzwa zamani. Mwaka 1924, wanasaikolojia wawili wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, J.G. Jenkins na K.M. Dallenbach, waliwapa vijana wawili silabi zisizo na maana wazikariri. Vijana hao walipolala kwa muda wa saa 8, walikumbuka zaidi ya nusu ya silabi. Walipokaa macho kwa muda uo huo, walikumbuka kama moja ya kumi tu. Uchunguzi huo ulikuwa mdogo, lakini mwingi uliofuata umeunga mkono kiini chake: tulalapo, ubongo huyarudia na kuyaimarisha tuliyojifunza mchana. Anayejinyima usingizi ni kama mkulima avunaye kutwa nzima, kisha akayaacha mavuno shambani bila kuyaingiza ghalani.

Je, usingizi wa kutosha ni kiasi gani? Mwaka 2016, wataalamu wa usingizi wa Marekani walipendekeza kwamba kijana wa miaka 13 hadi 18 alale saa 8 hadi 10 kila siku. Tena, katika umri wa balehe, melatonini, yaani homoni inayouarifu mwili kwamba usiku umeingia, huchelewa kutolewa. Ndiyo maana kijana hukawia kupata usingizi, na kuamshwa alfajiri humwumiza kuliko mtu mzima. Basi asinziaye darasani asihukumiwe upesi kuwa mvivu. Huenda mwili wake unadai haki yake.

Watu husema, "Mchumia juani hulia kivulini." Ni kweli, lakini methali hiyo haimwamuru mtu achume hata usiku. Wengine watasema kwamba mada ni nyingi na muda ni mchache. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, masomo hupimwa kwa yale yanayobaki kichwani, wala si kwa saa zilizotumika mbele ya kitabu. Mwaka 1997, watafiti wa Australia walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 mfululizo hupungukiwa na uwezo wa kutenda kama mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu. Hakuna mwalimu ambaye angemruhusu mwanafunzi aingie mtihanini amelewa. Mbona basi twaruhusu aingie amekesha?

Mara nyingi tunamwambia kijana ajitunze, kana kwamba jambo hilo limo mikononi mwake peke yake. Sivyo. Kengele ya alfajiri haikupigwa naye. Ratiba hakuipanga yeye. Na msichana anayeteka maji na kupika kabla ya kufungua daftari hakuchagua kuchelewa kulala. Kizuizi kikubwa kuliko vyote ni aibu: mwanafunzi aogopa kulala mapema asije akaitwa mzembe.

Hapana budi sisi wakubwa tuiondoe aibu hiyo. Mkuu wa shule na apange saa ya kuzima taa na kuilinda kama alindavyo saa ya kuanza mtihani. Mzazi na agawe kazi za nyumbani kwa haki kati ya wavulana na wasichana. Mwanafunzi naye aweke simu mbali na kitanda, aache kahawa tangu alasiri, na agawe mada zake kwa majuma badala ya kuzirundika katika usiku mmoja. Na mwalimu, ambaye mara nyingi husahihisha madaftari hadi usiku wa manane, aanze kwa kulala yeye mwenyewe, kwa maana wanafunzi hufuata yale wayaonayo kuliko yale wayasikiayo.