Gari Hujaliona, Pesa Umeshatoa!



Shukrani zote anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na Maswahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu katika imani, wiki hii nilikusudia kuendelea na somo letu la malezi ya watoto. Nimeliweka kando. Karibu na nyumba yangu hapa Quitunda, chini ya mkorosho, kuna Hiace nyeupe ambayo haijabeba abiria hata mmoja tangu ilipofika. Watoto wa madrasa wameshaifanya nyumba ya kuchezea, na kuku wanataga kwenye kiti cha dereva. Kila nikienda kuswali alfajiri napita mbele yake, na kila nikipita naona haya. Leo nitasema kwa nini.

Mwenye gari ni mzee wetu mmoja, mvuvi tangu ujana wake. Alihamishwa kutoka pwani ya Afungi mradi wa gesi ulipohitaji ardhi, akapewa nyumba hapa na pesa za fidia. Kila mtu wa hapa anajua fidia ile ilivyohesabiwa: shamba, minazi, mikorosho, mti mmoja mmoja. Kisha likaja shambulio la Palma la Machi 2021, watu wakakimbilia hapa Quitunda kwa maelfu, kazi za mradi zikasimama, na wengi wetu tukala akiba zetu mpaka tukafika chini ya mtungi. Mzee huyu hakuigusa yake ovyo. Bahari sasa iko mbali naye na magoti yanamuuma, akasema atanunua chapa moja, kijana wake aendeshe kati ya Quitunda na Palma, na nyumba yote ile humo.

Nia yake ilikuwa njema, wala dini haijamkataza mtu kununua kipando kutoka mbali.

Akatokea ndugu mmoja, Muislamu, mtu wa safu ya mbele msikitini, ana simu iliyojaa picha za magari. Gari liko Dar es Salaam, akasema, limetoka Japani, halina tatizo, na bei yake iko chini kuliko ya Pemba na Nacala. Mzee akauliza habari ya karatasi ya makubaliano. Yule ndugu akacheka, akamshika mkono, akamwambia: "Mzee wangu, sisi ni Waislamu, tuandikiane kama wezi?" Pesa zikahesabiwa barazani, zote, siku ile ile. Mimi niliitwa nisome Fatiha na dua. Nikasoma. Nikapewa bahasha, nikaipokea.

Gari lilikuja baada ya miezi mingi. Karatasi zilipopelekwa ili litolewe livrete, ikaonekana kwamba namba ya chesisi iliyoandikwa kwenye karatasi siyo iliyogongwa kwenye chuma. Pasipo livrete na título de propriedade, gari la abiria katika Msumbiji ni banda la kuku, na ndivyo lilivyo. Aliyepokea pesa anasema yeye ni dalali tu, mwenye gari yuko Dar. Wa Dar anasema alilipokea kwa mtu wa Dubai. Simu ya Dubai inaita, haipokelewi. Na mzee hana kipande cha karatasi kinachoonesha alimpa nani, kiasi gani, kwa gari gani.

Nimewasikia watu wakisema hii ni kadari. Wengine wanasema mzee ni mshamba, kauziwa mbuzi kwenye gunia. Mimi nasema wote hawa wanamfichia aibu mtu asiyestahiki kufichiwa. Kadari tunaiamini, ni nguzo ya imani, lakini haikuwekwa iwe mwavuli wa dalali. Na mzee hakuwa mjinga, maana karatasi aliiulizia. Alinyamazishwa kwa jina la Uislamu, na mwalimu wa madrasa alikuwa amekaa pembeni, kimya, anasubiri kusoma dua.

Sasa tuliangalie neno lile, kwamba Waislamu hatuandikiani. Limetoka wapi? Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Suratul Baqara aya ya 282, haizungumzii Swala wala Hija. Inazungumzia watu wanaokopeshana kwa muda, nayo inaamrisha iandikwe, awepo mwandishi muadilifu, wawepo mashahidi, na watu wasichoke kuandika jambo liwe dogo au kubwa. Iliyoachiliwa ni biashara ya mkono kwa mkono, kama unavyonunua samaki ufukweni: toa pesa, chukua changu wako, nenda. Lakini aliyetoa pesa leo kwa gari litakalokuja baada ya miezi ana deni kwa mtu. Biashara yake imeshatoka ufukweni.

Najua atakayenijibu kwamba wanazuoni wengi wamesema amri ile ni ya kupendekeza na si wajibu. Sawa kabisa, ndivyo nilivyosoma na ndivyo ninavyosomesha. Lakini kupiga mswaki nako si wajibu, mbona hatumcheki anayepiga mswaki tukamwambia anafanya kama wezi?

Na atakayesema kwamba wacha Mungu wanatosheka na kuaminiana, basi na arejee kisa cha Khuzayma bin Thabit (R.A.), kilichopokewa na Abu Dawud na Nasai. Mtume (S.A.W.) alinunua farasi kwa bedui mmoja, akatangulia mbele ili akamlipe. Njiani watu wasiojua habari hiyo wakaanza kumpandishia bedui bei. Yule bwana akageuka, akakana kuwa ameuza, na akadai shahidi. Khuzayma ndiye aliyesimama akashuhudia. Tazameni: kilichouzwa ni kipando, mnunuzi ni mbora wa viumbe, na bado akadaiwa shahidi. Hakupandisha sauti kusema vipi mnanidai shahidi mimi Mtume wa Allah. Je, dalali wetu wa simu ana daraja gani hata akasirike akiombwa saini?

Tuje kwenye kuliona gari lenyewe. Sisi watu wa pwani hii tunafuata madhehebu ya Imamu Shafi, na kauli yenye nguvu kwetu ni kwamba kitu maalumu ambacho mnunuzi hajakiona hakiuziki, kwa sababu ya gharari, yaani kutojua unachokinunua. Mahanafi wameruhusu, lakini wakampa mnunuzi hiari: siku atakapokiona, akikikataa bei imevunjika. Wengine wameruhusu kwa sharti kwamba sifa zake zitajwe bayana, na zikienda kinyume mnunuzi anarudisha. Angalieni vizuri. Wanazuoni wametofautiana katika njia, lakini hakuna hata mmoja aliyesema kwamba mtu alipe pesa yote kwa picha ya simu, na lije lijalo ni lake. Madhehebu hayo mapya yamezaliwa barazani kwetu.

Njia ipo, tena ni nyepesi. Ukimpa mtu uwakala wa kununua, akaliona yeye, kuona kwake ni kuona kwako. Nani katika sisi hana jamaa Mtwara au Dar es Salaam? Mlipe fundi aende na jamaa yako, afungue boneti, alilie chini ya gari, na asome namba ya chesisi kwenye chuma kwa macho yake, herufi kwa herufi, ailinganishe na ya kwenye karatasi. Kazi hiyo ya nusu saa ingemwokoa mzee wetu.

Kama gari bado liko Japani, nako kuna vya kuangalia. Gari lililopita mnadani kule huwa na karatasi ya mnada, inayotaja daraja lake, kilomita ilizotembea, na mchoro wa mwili unaoonesha palipokwaruzwa na palipotengenezwa. Ukiona herufi R mahali pa daraja, kwa kawaida gari hilo liligongwa likatengenezwa. Muuzaji asiyetaka kuionesha aulizwe sababu. Na kuna wauzaji ambao hawana gari hata moja. JETRO, taasisi ya serikali ya Japani inayokuza biashara ya nje, imekuwa ikitahadharisha kuhusu kampuni bandia zinazojifanya za Kijapani na kukusanya pesa za watu. Dalili moja kubwa ni kuambiwa utume pesa kwenye akaunti ya mtu binafsi badala ya akaunti yenye jina la kampuni. Hilo likitokea, funga simu.

Halafu kuna hesabu ya ushuru, ambapo watu wengi huanguka bila hata kudhulumiwa. Bei ya FOB ni ya gari likiwa limepakiwa melini kule lilikotoka. Bei ya CIF imeongeza bima na nauli mpaka bandari ya kushushia. Zote mbili hazina ushuru wa Msumbiji ndani yake, wala IVA, ambayo tangu 2023 ni asilimia 16. Na gari la Kijapani lililolipiwa ushuru Tanzania halijalipiwa Msumbiji. Likivuka Ruvuma, hata likipita juu ya Daraja la Umoja pale Negomano lililofunguliwa 2010, limetoka kwenye forodha moja na kuingia nyingine. Madalali hulijua hili vizuri sana, na hawalisemi. (Vivyo hivyo kwa yadi za Durban. Magari mengi yaliyotumika yanayouzwa pale hayaruhusiwi hata kusajiliwa Afrika Kusini, yanapita tu kwenda nchi nyingine. Unafuu wa bei yake una sababu.)

Kuhusu udalali wenyewe, nisieleweke vibaya. Udalali ni kazi ya halali, na Imamu Bukhari ameuwekea mlango katika Sahihi yake. Lakini dalali wa halali ujira wake unajulikana. Anayekuambia gari ni bei kadha, naye amelipewa kwa bei nyingine, na tofauti akaitia mfukoni huku anasema anakusaidia tu kwa ajili ya Allah, huyo anafanya khiyana. Na anayekuuzia gari ambalo si lake, hajalinunua wala hajapewa uwakala nalo, ameingia katika lile alilokatazwa Hakim bin Hizam (R.A.) alipomuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu mtu anayemjia kununua kitu asichokuwa nacho, naye akaenda kumnunulia sokoni. Miaka hiyo soko lilikuwa mtaa wa pili. Letu liko Dubai.

Niseme pia jambo ambalo wanaume wenzangu hawatalipenda. Katika fidia ya mzee yule mlikuwemo minazi ya mkewe. Aliirithi kwa baba yake, ikahesabiwa, ikalipwa, na pesa ikaingia kwenye mkono mmoja. Siku zilipohesabiwa pale barazani, mama yule alikuwa jikoni anatupikia chai. Hakuulizwa na mumewe, wala na dalali, wala na mimi niliyeinua mikono kuomba baraka. Mali ya mke katika Uislamu ni ya mke. Mwanamume hana ruhusa ya kuigeuza Hiace kwa sababu tu yeye ndiye aliyetia saini ya fidia. Mara ngapi tumesomeshana haki za mume darasani, na mara ngapi hili? Mama huyu hakunilaumu hata kwa neno. Aliniuliza tu, siku moja nilipokwenda kumjulia hali: "Mwalimu, ile dua uliisoma ya nini?" Sikuwa na jibu.

Kwa hiyo maneno yangu makali zaidi nawaelekezea walimu na maimamu wenzangu. Dalali anatuita kwa sababu uso wetu una thamani barazani. Kilemba chetu ndicho karatasi yake. Mzee akituona tumekaa pale anasema moyoni, mwalimu yupo, basi ni halali. Nasi tunajua hivyo, tunasoma haraka, tunapokea bahasha, tunaiita sadaka au zawadi. Ni ujira wa ushahidi tusiokuwa tayari kuutoa, kwa maana leo kila mmoja wetu aliyekuwepo anasema hakumbuki kiasi kilichohesabiwa. Mimi nakumbuka, na nimeshakiandika na kukitia saini, nikampa mzee nakala aende nayo mbele ya wazee wa mtaa, na ikibidi mbele ya serikali. Yule ndugu wa safu ya mbele amenikasirikia. Bado tunaswali msikiti mmoja, na salamu yangu anaiitika kwa shida.

Bahasha nimeirudisha, ila sikumrudishia aliyenipa. Nimempelekea yule mama, kwani iliyokuwemo ilitoka katika minazi yake.

Kuanzia sasa anayetaka nimsomee dua ya gari, nitakuja, na sitaki bahasha. Lakini nitakuta juu ya mkeka karatasi yenye jina la muuzaji na la mnunuzi, bei, namba ya chesisi, ujira wa dalali, siku ya kufika, nani analipa ushuru, na nini kitatokea gari likija si lenyewe. Wawepo mashahidi wawili, na mama wa nyumba awepo kama pesa yake imo. Asiyejua kuandika, wanafunzi wangu wakubwa watamwandikia, kwa Kiswahili au kwa Kireno, kila siku baada ya Swala ya Alasiri, bila malipo. Kalamu na karatasi vipo madrasa.

Wabillaahi tawfiq.