Barua yako, uichunge nakala

Habari hii kila jamaa ya Kolwezi, ya Likasi ao ya Lubumbashi inaijua. Kijana iko na diploma yake. Anasikia sosiete moja ya kuchimba shaba inatafuta bafanyakazi, lakini demande inapita ku intaneti tu. Anaenda ku siber, analipa saa moja. Anaandika polepole, kwa Kifaransa: alisoma wapi, alifanya staji wapi, juu ya nini anataka ile kazi. Anafika ku mustari wa mwisho, moto inakatika. Ao rezo inapotea. Ao saa yake inaisha na mashini inajifunga. Barua imeenda, na makuta imeenda pia.

Kosa si ya ule kijana. Lakini dawa iko, na haiuzishwi.

Ba papa zetu balijua kuandika barua. Balianza na brouillon, balisoma tena, kisha balipiga nakala mbili. Moja ilibaki ku biro, ingine ilirudi ku nyumba na muhuri ya accusé de réception. Siku mukubwa anasema hakuona kitu, papa anatosha karatasi yake. Leo kile kisanduku cha ku intaneti kinakula barua na hakirudishi kitu. Tukiandika moja kwa moja mule ndani, tunatupa brouillon na nakala pamoja.

Basi tuandike pembeni kwanza. Ku mashini ya Windows kuko Bloc-notes, programu ndogo yenye inakuya na Windows tangu 1985. Haiombi intaneti. Andika barua yote mule, na kila mistari mbili tatu, finya Ctrl na S. Moto ikikatika, utapoteza maneno kidogo, si barua nzima. Ku telefone, programu ya noti inafanya kazi ileile, na unaweza kuandika ku nyumba usiku bila kula mega. Mupe mwalimu ao dada mukubwa asome. Kisha, rezo ikiwa muzuri, Ctrl na A inachagua yote, Ctrl na C inakopie, na mu kisanduku Ctrl na V inabandika. Dakika mbili, imeisha.

Kuko faida ingine. Mufanyakazi mwenye alikatwa mushahara, mama mwenye anaandika juu ya vumbi ya kichimbo inaingia mu nyumba yake, bote baliandika na kasirani. Mu Bloc-notes hakuna kifungo cha kutuma. Barua inaweza kulala. Asubuhi unatosha matusi, unaacha tarehe, mahali na hesabu. Hiyo njo barua yenye mukubwa anaogopa.

Bamoja batasema Gmail inachunga brouillon yenyewe. Ni kweli, wakati rezo iko. Lakini fomu za kuomba kazi, mara mingi hazichungi kitu mpaka ufinye kifungo cha mwisho.

Neno moja kwa benye kwenda ku siber: barua iko na jina yako na namba yako ya telefone. Itie ku kle yako ao ujitumie ku email, kisha ufute ile yenye ilibaki ku mashini.

Na kwa basosiete tunasema hivi: kama munakataa karatasi, mupatie bantu kile karatasi iliwapatia. Fomu iweze kuchunga kazi ya nusu, na kila mwenye kutuma apate nakala ya maneno yake na tarehe. Muhuri ya zamani haikuwa mapambo. Ilisema: tumekusikia, siku fulani.

Mpaka siku ile, kila jamaa ijichungie nakala yake.