Shamba ni la Mama, Majibu ni ya Nani?



Likizo iliyopita nilipofika nyumbani Mbozi, mama alinitolea chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyojaa maharage yaliyochanganywa na majivu, kifuniko kimekazwa kabisa. "Hii ndiyo C," akasema. Nikamuuliza C ndiyo nini. Akacheka. "Wewe si ndiye unayesomea sheria? Mimi waliniambia ni C, basi ni C."

Misimu miwili nyuma walikuja watafiti na gari, wakiongozana na bwana shamba wetu. Sitaitaja taasisi yao, maana shida ninayoisema ni kubwa kuliko taasisi moja. Walimpa mama pakiti tatu za mbegu ya maharage zilizoandikwa A, B na C. Jina halikuwekwa kwa makusudi, ili mkulima asiipendelee anayoijua. Mama alitoa kipande cha shamba, akapanda mwezi wa tatu, akapalilia, akahesabu siku za kutoa maua. Wakati wa kuvuna walirudi na mizani, wakapima, wakauliza maswali kama ukurasa mzima, wakapiga picha, wakamwachia fulana. Wakasema, "Mama, tutarudi na majibu." Hadi leo hawajarudi.

Nisieleweke vibaya. Mimi siyo mpinzani wa utafiti, na majaribio ya aina hii ni jambo zuri sana. Kituoni mbolea inapimwa kwa gramu na dawa inapulizwa kwa wakati. Kwa mama kuna jembe la mkono, mvua inayokuja inapotaka, na kuku wa jirani. Mbegu ikishinda kwa mama, imeshinda kweli. Kila mkulima anapewa aina tatu tu kati ya nyingi zinazoshindanishwa, anazilima kwa namna yake, halafu anasema ipi bora na ipi mbovu. Majibu ya wakulima mamia yakiunganishwa, yanaonesha aina ipi inafaa wapi.

Tena mkulima anaona vitu ambavyo mizani haioni. Mama aliniambia B ilizaa sana, ila inakula kuni: unaweka sufuria asubuhi, mchana bado ngumu. A majani yake hayafai mboga. C ilizaa wastani, lakini inaiva upesi, mchuzi wake mzito, na rangi yake ya njano ndiyo wanayoitaka wanunuzi pale sokoni. Huo ni utaalamu, jamani. Kama angeutoa mtu mwenye shahada tungeuita ushauri elekezi na angelipwa.

Na utaratibu wenyewe wa majaribio haya unajua hilo. Hatua yake ya mwisho ni kurudi kwa wakulima, kuwaambia A, B na C zilikuwa aina gani, na kuwapa matokeo. Kwetu hatua hiyo ndiyo iliyorukwa.

Sasa hasara iko wapi? Maharage hujichavusha yenyewe, hayako kama mahindi chotara, kwa hiyo mbegu unayotunza inabaki ileile mwaka hadi mwaka. Mama alibakiza konzi chache za C, akazipanda, sasa ana chupa hiyo na debe moja ndani. Majirani wanataka kununua mbegu. Hapo ndipo sheria inapoingia. Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003 haimruhusu mtu kujiuzia mbegu ambazo hazijathibitishwa. Upo mlango mdogo: mkulima mdogo anaweza kusajiliwa na TOSCI azalishe mbegu za daraja la kuazimiwa kwa ajili ya wakulima wa eneo lake. Lakini lazima ijulikane ni aina gani na iwe imesajiliwa. Mama ataandika nini kwenye fomu? "C"?

Angalia na upande wa pili. Tuna Sheria ya mwaka 2012 inayolinda haki za wagunduzi wa aina mpya za mbegu za mimea. Aliyegundua aina mpya anaweza kulindwa miaka 20. Sipingi mtu kulindwa kwa jasho lake. Ninachouliza ni hiki: jasho la mama lililosaidia kujua kwamba aina hiyo inafaa, linalindwa na kifungu gani? Nimesoma, sijakiona. Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Kimataifa wa Rasilimali za Kijenetiki za Mimea kwa Chakula na Kilimo, na Ibara ya 9 inazungumzia haki za wakulima: kulindwa kwa maarifa yao, kugawana faida kwa haki, na kushiriki maamuzi. Ibara ya 18 ya Katiba yetu nayo inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa kuhusu mambo muhimu kwa maisha na shughuli zake. Kama mbegu siyo muhimu kwa maisha ya mkulima, basi sijui muhimu ni nini.

Najua nitajibiwa kwamba fedha za miradi huisha msimu ukiisha. Kweli, mafuta ya gari ni gharama. Lakini kama bajeti ilikuwa na fulana, ilishindwa vipi kuwa na karatasi moja ya matokeo? Nitaambiwa pia kwamba aina nyingine bado hazijaidhinishwa, haziwezi kusambazwa. Sawa. Basi mwambieni hivyo mkulima kabla hajapanda, na kwa maandishi.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne, na ningependa jumuiya yetu ya vijana iyabebe hadi kwenye ilani. Moja, kila jaribio kwenye shamba la mkulima liwe na mkataba wa Kiswahili wa ukurasa mmoja unaosema nani anatoa nini na mbegu itakayobaki ni ya nani. Mbili, mazao yakiharibika kwa sababu ya jaribio, mkulima afidiwe. Tatu, matokeo yasomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa utaratibu hufanyika kila miezi mitatu. Hauhitaji ukumbi wala posho. Nne, mbegu inapopelekwa kuidhinishwa, maoni ya wakulima waliyoijaribu yawemo kwenye faili, na wenyewe wawe na mwakilishi mezani.

Na sisi tujiseme kidogo. Kila kampeni tunapiga kelele kuhusu bei ya mbolea, na tunafanya vizuri. Ila lini mara ya mwisho mmoja wetu alisimama jukwaani akauliza nani anamiliki majibu yanayotoka kwenye mashamba ya mama zetu? Suala hili halina vumbi wala ving'ora, kwa hiyo tumeliacha.

Nilipokuwa naondoka, mama alinifungia konzi mbili za C kwenye kitambaa. "Kaulize huko mjini," akasema. Nimeuliza ofisi mbili. Wa kwanza aliniambia nilete barua. Nimeiandika, na nakala ipo. Wewe ambaye kwenu waliwahi kupita na pakiti za A, B na C, waulize wazazi wako kama majibu yalirudi. Kama hayakurudi, na wewe andika barua yako.